Mawe Nyuma ya Ladislas

Mwalimu Ladislas alikuwa na kofia moja, tai mbili na safari moja kwa mwaka. Kofia aliivaa kila siku, tai alizivaa kwa zamu, na safari aliizungumzia miezi yote iliyobaki. Kila muhula wa tatu shule za huku magharibi mwa Uganda hukutana Mbarara kwa mdahalo wa Kiswahili, kwenye ukumbi mmoja wa Nyamityobora, na tangu shule yetu ya kambini ianze kualikwa, ni yeye aliyewapeleka watoto. Mtu ameishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka na miaka, foleni ya maji, foleni ya posho, foleni ya zahanati, halafu siku moja kwa mwaka anaingia ukumbi wenye feni na kuitwa mheshimiwa mwalimu kwenye kipaza sauti. Ukimcheka, mcheke taratibu. Mimi nilimcheka sana, lakini mimi nilikuwa na haki, tulikaa benchi moja chumba cha walimu.

Naitwa Cansilde, nafundisha hesabu. Sivumilii watu wanaojisifu, na wanaojidharau siwavumilii pia, ndiyo maana marafiki zangu wanahesabika bila kalamu. Ladislas alikuwa mmoja wao. Yeye alitoka Ruyigi, mimi Makamba, kote Burundi, na hapa kambini hilo linatosha kuwa ndugu. Alikipenda Kiswahili kuliko chakula, na ukimtazama mwili ungeamini.

Sifa yake kubwa ilikuwa Inès. Msichana huyu alipofika kutoka Burundi alikuwa hasemi darasani. Hakuwa bubu; kwa shangazi yake aliongea, ila shuleni aliinamisha kichwa tu. Sisi walimu wengine tulimwacha alivyo. Ladislas hakumwacha. Kila jioni alimsimamisha kwenye goli la upande wa bomba la maji, naye akaenda kusimama kwenye goli la upande wa ofisi, uwanja mzima wa mpira kati yao.

"Niambie umekula nini," anapaza sauti.

Mtoto ananong'ona.

"Sikusikii, Inès. Tena."

Mtoto anaongeza kidogo.

"Sikusikii. Tena."

Siku moja akamsikia. Alivua kofia akaiinua juu, na hiyo ikawa alama yao: kofia juu maana yake nimekusikia. Muhula mzima tuliwaona watu hawa wawili wakipigiana kelele uwanjani kuhusu maharage. Baadaye Inès alisimama Mbarara mbele ya majaji, Ladislas amejibanza nyuma kabisa ya ukumbi na kofia yake mkononi, na sauti ya yule mtoto ikafika mpaka mlangoni bila kipaza sauti. Kofia ilipaa juu kama bendera, na kwa mwaka mzima hatukupumzika.

Basi mwaka wa uchaguzi ukaja, na Anne naye akaja. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Kwetu mgeni alikuja na mwenyeji akaugua.

Anne alikuwa Mkongomani wa Uvira, mdogo kwetu kwa umri, mwenye kicheko cha karibu na kitenge kilichopauka. Watoto walikuwa wamezidi, kwa hiyo mkuu wa shule, Bwana Rwakabuba, alimpa nusu ya wanafunzi wa Kiswahili wa Ladislas. Rwakabuba ni Munyankore wa Endiinzi, mtoto wa wafugaji, na mambo yote ya dunia huyapima kwa ng'ombe. "Kundi ikiwa kubwa unagawa," alisema, akadhani amemaliza.

Wakati huo magari ya kampeni yalipita barabarani kila siku, spika zimefungwa juu, yakielekea Endiinzi kuwatafuta wafugaji na kura zao. Sisi wakimbizi hatupigi kura ya nchi, kwa hiyo yalitupita bila kupunguza mwendo. Watoto waliyakimbilia kwa ajili ya muziki. Ladislas alifunga dirisha la darasa lake ili aendelee na methali. Anne alilifungua lake.

"Muko na bahati, batoto," nilimsikia akiwaambia, maana darasa lake na langu tumetenganishwa na turubai. "Hakuna mutu anakuya kuwaomba kura. Kwa hiyo mutasikiliza na kichwa ya baridi. Mwenye kuomba kura mutamuuliza vitu tatu tu: anaahidi nini, alishafanya nini, na faida inaenda kwa nani."

Rwakabuba alimwonya asitaje chama wala jina la mtu, naye hakutaja. Watoto walibuni wagombea wao wenyewe. Mmoja anasimama juu ya dawati, anaahidi bomba la maji kwa kila nyumba, na darasa zima linamshukia: maji utayatoa wapi, ulishachimba shimo gani, pampu ni ya nani. Anashuka amelowa jasho. Kesho yake anarudi na hotuba bora zaidi. Wiki nyingine walipima tangazo la sabuni, wiki nyingine maneno ya mvulana anayetaka kuoa, na hapo wasichana waliuliza maswali mpaka kengele ikalia bila mtu kusikia. Nami upande wa pili wa turubai nafundisha sehemu, theluthi na robo, kwa watoto walioelekeza masikio kwingine.

Sikupenda, nasema wazi. Lakini kuna wivu unaokaa tumboni ukalala, na kuna wivu unaoamka asubuhi, unanawa uso na kwenda kazini. Wa Ladislas ulikuwa wa namna hii ya pili. Alianza kufika mapema ili aone ni watoto gani wanamsalimia Anne kwanza. Alikunywa chai amegeukia ukuta. Anne akicheka, yeye aliweka kikombe chini kwa kishindo, kisha akakitazama kikombe kana kwamba ndicho chenye kosa.

"Anasema 'batoto', Cansilde," aliniambia. "Mwalimu wa Kiswahili anasema 'batoto'. Huyo ndiye anafundisha watu kushawishi?"

"Na hao batoto wanamsikiliza," nikamjibu.

Akabeba kikombe chake akaenda kunywea nje.

Kisha Inès akaanza kubaki kwa Anne baada ya masomo. Hapo ndipo roho ya Ladislas ilipopata kutu kamili. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama kwenye goli la upande wa ofisi na kofia yake, anatazama goli la pili ambalo halikuwa na mtu, na kutoka darasa la Anne kicheko kinatoka. Alisimama muda mrefu kuliko anavyostahili mtu mzima kusimama. Kesho yake alimwita msichana pembeni, mbele yangu, akamwambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Siachi, Mwalimu," Inès akajibu. "Naenda kusikiliza tu."

Jibu hilo lilikuwa limenyooka kama rula, lakini mwenye wivu hasikii jibu. Ladislas aliniambia baadaye kwamba mtoto ameshalishwa maneno.

Mwaliko wa Mbarara ulipofika, gari lilikuwa na nafasi ya watoto na mwalimu mmoja tu. Ladislas akaenda ofisini kusema ni yeye. Watoto nao walikuwa wameshaenda kusema wanamtaka Anne. Yeye Anne hakwenda kusema kitu, na hilo lilimuudhi Ladislas kuliko yote. Rwakabuba akawaita wote wawili, nami nikiwepo kwa ajili ya chaki zangu.

"Nyinyi mnanisumbua," alisema. "Dume mbili kwa kraal moja ya ng'ombe, ua inavunjika. Uganda yote sasa inapigiwa kura. Na nyinyi mtapigiwa. Watoto wapange laini nyuma ya mtu wanataka. Cansilde atahesabu. Mwenye laini mrefu anaenda Mbarara."

"Sawa, Mukubwa," Anne akasema.

"Sawa," Ladislas akasema, na alikuwa ameshaanza kunyoosha tai.

Tulikubaliana kufuata utaratibu wa kambi, ule tunaouchagulia viongozi wetu wa wakimbizi. Mgombea anasimama, anatazama mbele, na anayemtaka anapanga mstari nyuma yake. Mgombea hageuki mpaka aambiwe, wala haambiwi nani yuko nyuma yake, kwa sababu jicho la mkubwa linaweza kumhamisha mtu mstari. Unasimama pale, kisogo chako kwa watu, unasikiliza miguu.

Anne alifanya kampeni yake kwa kupita kila darasa na kusema jina lake. Ladislas alikwenda Mbarara kuchapisha mabango.

Situngi. Nilikuwa naye, nilikwenda kutafuta vifaa vya jometri. Kuanzia Ruti, mahali mji unapoanzia, nguzo na kuta zote zilikuwa zimejaa nyuso za wagombea, na Ladislas alizitazama dirishani moja baada ya nyingine kama mtu anayechagua kitambaa. Nyamityobora tulipata kibanda cha kuchapisha, kijana wa hapo akamketisha mbele ya pazia jeupe akampiga picha.

"Ssebo, unasimama kwa kiti gani?" kijana akamuuliza.

"Cha kuwaleta watoto Mbarara."

Kijana akafikiri. "Lakini si uko Mbarara sasa?"

Nilitoka nje nikacheka barabarani. Niliporudi, bango lilikuwa tayari kwenye kompyuta. Ladislas amevaa koti la kuazima, mkono umenyooshwa, chini pameandikwa UZOEFU HAUNUNULIWI, na nyuma yake umati wa watu, mamia, wamenyanyua mikono kwa furaha.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Wanakuja pamoja na bango," kijana akasema. "Kila mtu anapenda."

"Kizuri chajiuza, Ladislas," nikamwambia, "kibaya chajitembeza."

"Wewe hujawahi kunyang'anywa kitu," akanijibu, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameyapakata yale mabango yasikunjike, na nilimhurumia, na huruma ile iliniudhi.

Akayabandika kila mahali, hata jikoni. Siku iliyofuata alikuwa akipita mbele ya darasa la Anne, nami nyuma yake, tukamwona Inès amesimama mbele ya wenzake. Ameshika bango la Ladislas kwa mikono miwili. Kidole chake kilikuwa juu ya ule umati wa watu wa Mbarara, na darasa zima linacheka. Ladislas hakusimama kusikiliza wala hakuuliza. Masikio yake yalibadilika rangi, akapita. Tangu hapo jina la Inès hakulitaja tena. Alisema "yule wa Anne".

Sasa nieleze habari ya mawe, kwa sababu asiyeishi kwetu hataelewa. Bomba la kambi hufunguliwa kwa saa zake, na saa hizo hubadilika wanavyotaka wenyewe. Mtu hawezi kusimama foleni mchana kutwa na shamba linamngoja. Kwa hiyo anaweka jiwe, anakwenda zake, na jiwe linamshikia zamu. Kila jiwe lina mwenyewe na kila mtu analijua. Jiwe la Inès lilikuwa kipande cha tofali jekundu. Kuondoa jiwe la mtu ni kumwambia hayupo duniani. Nimeona wanawake waliotoka kusali pamoja wakivutana nywele kwa ajili ya jiwe lililosogezwa.

Asubuhi ya uchaguzi wetu habari zikaja kwamba maji yatafunguliwa saa ile ile ya kupanga mistari. Wasichana wa zamu ya maji, ambao ndio hutuchotea ya uji wa shule nzima, wakanijia na madumu yao, Inès akiwa mbele.

"Mwalimu, sisi tutakuwa bombani. Tunaweza kuacha mawe kwenye mistari?"

"Wekeni," nikasema. "Wakati wa kuhesabu nitamuuliza Mkuu."

"Mie langu naweka kwa Mwalimu Ladislas."

Nilidhani ananitania. "Wewe? Si unashinda kwa Anne?"

"Nashinda. Ndiyo maana." Alisema taratibu, kama anayepima kila neno. "Mwalimu Anne anatufundisha tusiangalie nani anasema tamu. Tuangalie nani amefanya nini. Juzi tulipima lile bango. Nikawaambia wenzangu, hawa watu nyuma yake ni wa uongo, na wote wakacheka. Halafu nikawaambia, wa kweli ni mimi. Mie nilikuwa sisemi. Na kule Mbarara miguu inatetemeka, Mwalimu. Mtu akiangalia nyuma ya ukumbi na hakuna kofia, atajuaje amesikika?"

"Umemwambia yeye?"

"Mgombea haambiwi."

Wenzake wa zamu walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Walikuwa wanne, na wote walikuwa wamekubaliana naye.

Basi ikawa hivi. Ladislas na Anne wakasimamishwa kwenye goli la upande wa ofisi, kila mmoja na mwimo wake, nyuso zao kwa ukuta wa ofisi, visogo vyao kwa uwanja. Ladislas alivaa tai mpya na kofia. Wasichana wakaja kimya, wakaweka mawe yao nyuma yake mmoja mmoja, tofali jekundu la kwanza, wakabeba madumu na kwenda bombani, upande wa pili wa uwanja na mteremko kidogo. Kisha watoto wengine wakaachiliwa. Vumbi, miguu, kusukumana, na Ladislas amekaza shingo, anajaribu kusikia kwa kisogo.

Nikapita mistari yote nikahesabu. Bila mawe, Anne alikuwa amemzidi kwa watoto wawili. Kwa mawe, Ladislas anakwenda Mbarara. Nilifurahi, sitaficha. Nikasimama katikati nikauliza kwa sauti kama utaratibu unavyotaka, bila kusema yako wapi:

"Mkuu, kuna mawe ya wasichana wa zamu. Nayahesabu au siyahesabu?"

Rwakabuba alikuwa ameegemea ukuta mbele yao, anaona kila kitu. Akakuna kidevu. "Wagombea waseme kwanza. Mwalimu Anne."

Anne hakugeuka. "Mimi sijue mawe iko fasi gani," alisema. "Kama iko kwangu, kama iko kwake, ni sawasawa. Bale batoto banaenda kutuchotea maji sisi wote. Kule bombani jiwe inahesabiwa. Na hapa ihesabiwe."

"Mwalimu Ladislas."

Nilijua atasema nini kabla hajafungua mdomo. Niliona mabega yake yakipanda. Mawe ya wasichana wa zamu, wakiongozwa na yule wa Anne: kwa kichwa chake yangeweza kuwa nyuma ya nani? Nikamzunguka nikapita mbele yake, nikamtolea macho mpaka yakauma. Akaniinamia kichwa kwa heshima, akidhani namtakia heri.

"Mkuu wa shule, walimu, wanafunzi," akaanza. "Nitatumia maswali matatu, yale yale mnayoyapenda siku hizi. Jiwe linaahidi nini? Haliahidi kitu. Jiwe limefanya nini? Halijafanya kitu. Na jiwe hili, faida yake inakwenda kwa nani? Nani huwa na wasichana hawa kila jioni? Tujiulize, hatutukani mtu."

Wa mstari wa Anne wakaguna. Wa mstari wake wakatazamana.

"Bombani jiwe linashika zamu ya dumu," akaendelea, na sauti ilikuwa imepata moto, ile sauti ya Mbarara. "Dumu halichagui. Lakini leo hatuchoti maji, leo tunapima akili. Hili jiwe limesikiliza hotuba ipi? Limepima ushahidi gani? Leo tukihesabu mawe ya shule, kesho atakuja mtu na kikapu, atayamwaga hapa na kusema ameleta kijiji kizima. Anayechagua asimame kwa miguu yake, aonekane kwa macho. Asiyekuja, hayupo."

Mtoto mmoja wa mstari wake akakohoa. Mwingine akapokea. Mara mstari mzima wa Ladislas ukawa unakohoa, na yeye, mungu wangu, akadhani wameguswa, akaongeza sauti.

"Kimya," Rwakabuba akasema. "Mwenye kukohoa anatoka kwa laini." Kisha akamtazama Ladislas kwa namna ambayo mtu mwingine yeyote angeshtuka. "Mwalimu, una hakika na hii maneno yako? Kabisa?"

"Nina hakika."

"Hata kama inakuwa hivyo ama inakuwa hivyo?"

"Ukweli hauna upande, Mkuu. Mawe yatolewe."

Ilikuwa hotuba nzuri, na ningempiga nayo. Kila neno lilikuwa limekaa mahali pake, ushahidi wote ulikuwapo isipokuwa ule wa kuuliza kwanza. Mstari wa Anne walipiga makofi kwa nguvu, na Ladislas, aliyewasikia wapinzani wake wakimshangilia, akavua kofia akaipunga kidogo.

"Amesema mwenyewe," Rwakabuba akasema kwa sauti ya chini. "Cansilde, toa."

Mhesabu akifungua mdomo kabla ya wakati si mhesabu tena. Niliinama nikayaokota moja moja, nikayabeba kifuani, na tofali lile jekundu likanichafua blauzi. Hakuna mtoto aliyesogea kuziba nafasi. Mapengo yalibaki pale pale mwanzoni mwa mstari, mahali ambapo mtu angesimama karibu zaidi na mgongo wake.

"Sasa geukeni."

Ladislas aligeuka akitabasamu. Akamtazama Anne kwanza, kumwonyesha tabasamu hilo. Kisha akatazama mstari wa Anne, akitafuta mahali mawe yalipokuwa, na mstari ulikuwa mzima hauna pengo. Akauacha. Akaniona mimi, nimesimama nyuma yake mwenyewe, mawe yamejaa mikononi. Alilitazama tofali lile muda mrefu. Alilijua, kila mtu alilijua.

"Ni ya wapi hayo?" akauliza, ingawa alikuwa ameshaona.

"Ya hapa," nikamwambia. "Yote."

Rwakabuba akatangaza kwamba Mwalimu Anne ndiye atakayewapeleka watoto Mbarara. Anne alipiga hatua moja kumwelekea Ladislas, akasema polepole, "Kaka, mimi sikujua," na Ladislas akainua kiganja, si kwa ubaya, kumwomba anyamaze. Wivu wote ulikuwa umemtoka usoni kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

Hapo ndipo wasichana walipotokea bombani. Walipanda ule mteremko madumu kichwani, wakafika goli la upande wao, uwanja mzima kati yao na sisi. Inès akasimama. Aliona mistari, akaona pengo pale mbele, akaniona mimi nimekumbatia mawe. Kwetu hicho si kitu cha kuuliza kwa adabu.

"Nani ametoa jiwe langu?"

Sauti ilivuka uwanja wote, safi, kila herufi mahali pake, kama alivyofundishwa. Nikafungua mdomo kujibu, maana mimi ndiye niliyeyaokota. Ladislas alinishika mkono akanizuia.

"Mimi," akasema. Hata mimi niliyekuwa karibu nilisikia kwa shida.

Inès alingoja. Dumu lilikuwa bado kichwani.

"Sikusikii, Mwalimu. Tena."

Hakukuwa na dhihaka ndani yake. Kwa kweli hakusikia. Ladislas akavuta pumzi mpaka tai ikasogea.

"Ni mimi, Inès. Nimelitoa mimi."

Ilisikika mpaka barabarani. Msichana akatua dumu taratibu, maji yasimwagike. Akatoa ngata kichwani, akaishika kwa mkono mmoja, akaiinua juu.